Kubuni Roboti ya Upasuaji wa Matundu Madogo: Kazi Inayoanzia Kwenye Tundu

Mwanafunzi wa uhandisi anayepewa kazi ya kubuni roboti ya upasuaji huanza, karibu kila mara, kwa kuchora mkono: bega, kiwiko, kifundo, kisha koleo mwishoni. Mchoro wake huwa unapendeza, lakini umeanzia pasipo pake. Katika upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo, kinachoamua takriban kila kipimo cha mashine ni tundu lenyewe, lenye upana wa milimita 5 hadi 12, ambamo kifaa hupita kuingia katika tumbo la mtu aliyelazwa usingizi wa dawa. Ndani ya tundu hilo kifaa kinaweza kuingia na kutoka, kujizungusha, na kuinamia mbele, nyuma na pembeni. Kisichoruhusiwa ni kulisogeza tundu, maana kulisogeza ni kuchana nyama. Mwongozo huu umeandikwa kwa wanafunzi na mafundi wa vifaa tiba wanaotaka kuunda mfano wa kwanza wa karakana, wa kujaribiwa kwenye sanduku la mazoezi na si kwa mgonjwa. Unaanzia kwenye tundu, unatoka nje hadi kwenye mota na kwenye kiti cha daktari, na unaishia kwa muuguzi atakayelazimika kuiondoa mashine hiyo siku itakapogoma.

Kabla ya kushika penseli

Omba ruhusa uingie chumba cha upasuaji, usimame nyuma, na utazame operesheni nzima ya kuondoa kifuko cha nyongo bila kumsumbua mtu. Utaona mambo ambayo hayamo katika vitabu vya mitambo. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki ili ukuta wake uinuke na kuacha nafasi ya kufanyia kazi, kwa hiyo mahali ulipolipimia tundu kabla ya gesi sipo litakapokuwa baadaye. Kitanda huinamishwa, kichwa kikawa juu na upande wa kulia ukainuliwa, ili utumbo uteremke mbali na ini. Roboti iliyosimama sakafuni haina habari kwamba kitanda kimeinama, na kama vifaa vyake vimo tumboni wakati huo, yenyewe ndiyo itakayochana. Upande wa kichwa ni wa mtaalamu wa usingizi, ambaye hakubali kuzibiwa njia ya kulifikia koo la mgonjwa, na ana haki. Kamera hupata ukungu, hutolewa, hufutwa, hurudishwa. Hesabu ni mara ngapi. Pima kwa futi kamba umbali kutoka ukingo wa kitanda hadi kitovu, kimo cha kitanda kinaposhushwa kabisa, na upana wa mlango. Mlango nautaja kwa sababu mashine yangu ya kwanza ilikamilika vizuri ikashindwa kupita mlangoni kwa sentimita nne.

Kisha chagua operesheni moja. Anayesema anabuni roboti ya upasuaji kwa jumla bado hajaamua chochote, na historia ya fani hii inaonyesha hivyo. Mwaka 1985, huko Long Beach, California, mkono wa kiwandani wa aina ya PUMA ulitumiwa kushikilia kielekezi cha sindano ya kuchukulia kipande cha ubongo kwa uchunguzi, ukiongozwa na picha za CT, yaani eksirei za tabaka kwa tabaka. Kazi ilifanyika, lakini mkono ule ulikuwa umebuniwa kwa viwanda ambako watu huzuiliwa kwa uzio wasiukaribie, na uzio hauwezi kuwekwa kati ya mashine na mgonjwa wake. Wahandisi wa Imperial College, London, walipita njia nyingine kwa PROBOT, roboti yao ya tezi dume iliyotumiwa kwa mgonjwa mwaka 1991: walijenga fremu ya duara ambayo, kwa umbo lake lenyewe, haikuweza kukifikisha kisu nje ya eneo lililokusudiwa, hata programu ikikosea. Mwaka 1992, huko Sacramento, ROBODOC ilichonga ndani ya mfupa wa paja nafasi ya kupachikia nyonga bandia. Mfupa hufungwa ukatulia, na picha iliyopigwa jana bado ni ya kweli leo. Utumbo na nyongo havina utulivu huo, ukivigusa vinahama. Ndiyo maana roboti za tumbo, ikiwamo da Vinci iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, hazijiendeshi, bali hufuata mikono ya daktari anayetazama skrini muda wote. Kuna waliokwisha kuvuka hapo: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha roboti yao, STAR, ikishona utumbo wa nguruwe yenyewe chini ya uangalizi. Kwa mfano wa kwanza wa karakana, hata hivyo, ningemshauri mbunifu aliweke jambo hilo kando kabisa.

Nukta isiyosogea

Mvuvi anayepiga kasia anaielewa sehemu hii kuliko wahandisi wengi. Kasia limepita kwenye kishwara. Mkono ukienda nyuma, ubapa huenda mbele, na mkono ukishuka, ubapa hupanda. Tundu la tumbo ni kishwara cha namna hiyo, na daktari anayeshika vifaa virefu kwa mikono yake hulazimika kuizoea hali hiyo ya kinyume kwa mazoezi marefu. Roboti inaweza kumwondolea mzigo huo, kwa kuwa kompyuta haichoki kugeuza kushoto kuwa kulia, lakini kwanza ni lazima mashine ijue egemeo liko wapi na ilitunze. Egemeo hilo ni nukta iliyo hewani, nje ya chuma cha mashine, ambapo mihimili yote ya mzunguko hukutana. Mhandisi Russell Taylor na wenzake waliifanyia kazi kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo karibu kila roboti ya tumbo imejengwa kuizunguka.

Njia za kuipata ni tatu. Ya kwanza ni programu: unachukua mkono wa kawaida wenye viungo sita au saba, unaiambia kompyuta nukta ilipo, nayo inapanga mwendo wa viungo vyote ili kifaa kisitoke hapo. Kwenye karatasi ndiyo rahisi kuliko zote, na mashine inabaki na uwezo wa kuhamisha nukta bila kubadilisha chuma. Lakini kihisi kimoja kikisoma vibaya, nukta imehama, na hakuna kitu cha kuizuia. Ya pili ni viungo vilegevu: kifaa kinashikwa na viungo viwili visivyo na mota, na tundu lenyewe ndilo linalokielekeza, kama ilivyokuwa kwa AESOP, mkono wa kushikia kamera ulioidhinishwa Marekani mwaka 1994. Njia hii haichani ngozi, ila usahihi hupotea kwa sababu ukuta wa tumbo hunyumbuka. Ya tatu ni umbo la chuma: msambamba wa fito, au matao mawili ambayo mihimili yake hukutana mahali pamoja, hivyo kwamba hata mota zikienda wazimu kifaa hakina njia ya kusogea pembeni pale tunduni.

Kwa mfano wa kwanza, chukua ya tatu, na kati ya maumbo yake chukua msambamba. Mhimili wa kwanza, ule wa chini unaouzungusha mkono mzima, uelekeze mstari wake upite katikati ya tundu. Juu yake funga fito zilizo sambamba, mbili kwa mbili, ili kishikio cha kifaa kilazimike kuinama kwa pembe ileile ambayo ufito wa kwanza umeinama. Vipimo vikiwa sawa, kifaa kitazunguka kwenye nukta moja iliyo juu ya mstari ule wa mhimili wa chini. Usianze na alumini. Kata fito kwa kadibodi nene, zibanie kwenye ubao kwa pini, toboa nukta ya tundu kwa msumari, na uinamishe mkono huo wa kadibodi huku na huku kwa kidole. Jioni moja ya kadibodi itakuonyesha fito zinazogongana, fito zinazogusa kifua cha mgonjwa, na pembe ambayo mkono hauwezi kuifikia.

Pembe hizo zina vipimo vinavyojulikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, walifunga vihisi kwenye vifaa vya madaktari waliokuwa wakiwafanyia wanyama upasuaji, wakakuta kwamba kwa asilimia 95 ya muda ncha ya kifaa ilikaa ndani ya umbo la pia lenye pembe ya nyuzi 60 kileleni, na kipimo walichochukua kwa mgonjwa binadamu kikaonyesha kwamba ili kuvifikia viungo vyote vya tumbo zilihitajika nyuzi 90 upande mmoja na nyuzi 60 upande mwingine. Maana yake kwa mbunifu ni kwamba mkono unaoinama nyuzi 180 ni ufahari tu. Kila uzi wa ziada unaongeza urefu wa fito, na fito ndefu hugongana na mkono wa jirani, kwa kuwa kwenye operesheni halisi kutakuwa na mikono mitatu au minne juu ya tumbo moja.

Jaribio la nukta halihitaji chombo cha ghali. Nyosha kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli juu ya fremu ya mbao, toboa tundu la milimita 8, na uchore duara kulizunguka kwa kalamu nyeupe. Pitisha kifaa, kisha uendeshe mkono katika pembe zote, polepole, huku jicho likiwa kwenye duara na si kwenye ncha. Duara likibaki duara, nukta iko mahali pake. Likigeuka yai, tazama yai limelalia upande gani. Mara yetu ya kwanza tulipata yai refu la kutisha, tukapoteza siku mbili tukipekua programu mstari kwa mstari, na kumbe kosa lilikuwa kishimo kimoja cha bolti kilichotobolewa milimita 2 juu ya alama. Tangu siku hiyo mimi huamini mpira kuliko skrini.

Kani, mota na waya

Hesabu ya kani ianzie kwenye ncha. Kushika, kuvuta na kutenganisha nyama laini kwa kawaida kunahitaji nyutoni chache tu, kwa hiyo tuchukue 5. Ncha ikiwa umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye nukta, kani ya mzunguko inayohitajika ni 5 mara 0.25, yaani nyutonimita 1.25. Ukiweka giya ya 50 kwa 1, mota inabeba nyutonimita 0.025, nayo ni mota ndogo inayoenea kiganjani. Zidisha kwa mbili kwa ajili ya msuguano na uzito wa kifaa, kisha usimame hapo. Kishawishi cha kuweka mota kubwa kwa ajili ya usalama ni kosa, kwa sababu mota kubwa ndiyo inayoweza kulipasua ini. Nguvu ya mashine iwe na kikomo kinachotokana na udogo wake, kabla ya kikomo kinachoandikwa kwenye programu.

Kwa sababu hiyohiyo jiepushe na giya ya parafujo. Inashika vizuri na hairudi nyuma, na hilo ndilo tatizo: mkono wenye giya ya namna hiyo hauwezi kusukumwa na mtu umeme unapokatika. Chagua giya ambayo mtu mzima anaweza kuirudisha nyuma kwa mkono, kisha uzito wa mkono uuweke sawa kwa jiwe la kusawazisha au springi, ili breki zikiachiwa mkono usimwangukie mgonjwa.

Mota zenyewe hazikai kwenye ncha. Hukaa nyuma, karibu na kitako cha mkono, na mwendo husafirishwa kwa waya mwembamba unaopita juu ya kapi, kwa utaratibu uleule wa breki za baiskeli. Faida yake ni wepesi wa ncha. Gharama yake ni waya. Waya hunyumbuka, hulegea, na hukatika pale unapokunjwa kwenye kapi ndogo. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba kipenyo cha kapi kisipungue mara 20 ya kipenyo cha waya, kwa hiyo waya wa nusu milimita unataka kapi ya milimita 10. Lakini kifundo kinachopita kwenye bomba la milimita 8 hakiwezi kubeba kapi ya milimita 10. Hapo kanuni huvunjwa makusudi, waya wa nyuzi nyingi nyembamba sana za tungsteni hutumiwa badala ya waya wa kawaida, na uhai wa kifaa hukubaliwa kuwa mfupi. Ndiyo sababu mojawapo vifaa vingi vya da Vinci vilihesabiwa matumizi 10, kisha mashine ikavikataa. Baadaye baadhi yake viliongezewa. Hospitali hulalamikia gharama hiyo, na malalamiko yao yana msingi, lakini mbunifu anayeahidi kifaa kisichokufa hajawahi kuuona waya wa kifundo chini ya lenzi baada ya kukunjwa mara elfu kadhaa: nyuzi za nje zimesimama kama manyoya.

Weka vihisi viwili vya mzunguko kwa kila kiungo, kimoja kwenye mota na kingine kwenye kiungo chenyewe baada ya giya na waya. Tofauti kati yao ndiyo habari muhimu kuliko zote mashine inazopata, kwa sababu ikikua polepole inaeleza kwamba waya unalegea, na ikiruka ghafla inaeleza kwamba umekatika. Kuhusu usahihi, kumbuka kwamba kosa la sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja wa pembe kwenye kiungo, kwa kifaa chenye urefu wa sentimita 20 kutoka kwenye nukta, ni milimita 0.35 kwenye ncha. Kwa nyongo inatosha. Kwa jicho haifai hata kidogo, nayo ni sababu nyingine ya kuchagua operesheni moja.

Kiti cha daktari

Upande wa pili wa mashine ni pale daktari anapokaa, akitazama skrini na kushika vishikio viwili. Mambo matatu yatengenezwe hapo, na la kwanza ni kupunguza mwendo. Mkono wa daktari ukisogea milimita 10, ncha isogee 2 tu. Uwiano huo wa 5 kwa 1 ubadilike kwa kitufe, kwa sababu anayeshona anataka mwendo mdogo na anayehamisha utumbo anataka mkubwa. La pili ni kutenganisha: kanyagio la mguu likibanwa, vishikio viache kuongoza vifaa ili daktari arudishe mikono mahali pa starehe, kama mtu anayeinua kipanya cha kompyuta na kukiweka tena katikati ya meza. La tatu ni mtetemo. Mkono wa kila mtu mzima mwenye afya hutetemeka kidogo, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na kichujio ndani ya programu huweza kuuondoa mtetemo huo. Lakini kichujio hakitoi kitu bure. Kichujio rahisi kinachokata juu ya mitetemo 6 kwa sekunde huchelewesha mwendo kwa takriban milisekunde 27, na ucheleweshaji huo hujumlishwa na wa kamera, wa kompyuta na wa mtandao.

Ucheleweshaji unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio unaotenganisha mashine nzuri na ya mateso. Tarehe 7 Septemba 2001, daktari Jacques Marescaux akiwa New York alimwondolea kifuko cha nyongo mwanamke wa miaka 68 aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka alipo, kwa kutumia roboti ya ZEUS na laini maalumu ya nyaya za kioo. Muda kutoka mkono wake kusogea hadi kuona matokeo kwenye skrini ulikuwa takriban milisekunde 155. Mkono unaosogea milimita 50 kwa sekunde unakuwa umekwenda karibu milimita 8 kabla jicho halijaona chochote. Daktari aliyezoezwa hupunguza kasi na kufanikiwa, asiyezoezwa huanza kuvuta mbele na nyuma. (Taasisi aliyoiasisi Marescaux huko Strasbourg, IRCAD, ilifungua tawi lake la Kigali mwaka 2023, na mbunifu wa Afrika Mashariki anayetafuta mahali pa kuona madaktari wakifundishwa upasuaji wa matundu madogo hana haja ya kuvuka bahari.) Kwa mfano wa karakana, ambapo daktari na roboti wako chumba kimoja, lenga jumla isiyozidi milisekunde 100, na upime kwa njia ya kawaida kabisa: rekodi kishikio na skrini kwa pamoja kwa kamera ya simu yenye mwendo wa polepole, kisha uhesabu picha.

Wengi huuliza kuhusu hisia ya mguso. Mikono ya roboti nyingi za tumbo haimrudishii daktari uzito wa kile anachokivuta. Yeye husoma kani kwa macho, kwa kutazama nyama inavyonyooka na kubadilika rangi, na uzi unavyokaza. Kuweka kihisi cha kani kwenye ncha inayolowa damu na kuokwa kwa mvuke ni kazi ngumu, na kihisi kinachodanganya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Naona ni heri fedha hiyo iwekwe kwenye kamera mbili zinazotoa picha yenye kina.

Mashine inapokosea

Kati ya 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa watu sita, huko Marekani na Canada, mionzi iliyozidi kiasi mno, na baadhi yao wakafa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya umeme na chuma vilivyozima mionzi bila kuiuliza kompyuta; katika toleo hili vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yake ikaachiwa programu, ambayo ilikuwa na kasoro iliyojitokeza pale mhudumu alipobonyeza vitufe haraka. Kila mbunifu wa roboti ya tiba anapaswa kuisoma habari hiyo yote kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo.

Kwa mkono wetu, maana yake ni hii. Breki ziwe za springi, zinazofungwa umeme unapokosekana na kufunguliwa umeme unapokuwepo, si kinyume chake. Kitufe chekundu cha kusimamisha kikate umeme wa mota moja kwa moja kwa waya, kisipitie kwenye programu. Kompyuta inayoendesha viungo, ambayo kwa kawaida hurudia hesabu zake mara 1,000 kwa sekunde, iwe na saa ya ulinzi iliyo nje yake: isipopokea ishara ya uhai kwa muda mfupi uliopangwa, tuseme milisekunde 50, saa hiyo ifunge breki yenyewe bila kungoja. Vifaa visisogee kabisa kama kichwa cha daktari hakipo mahali pake mbele ya skrini, kwa sababu mtu huinuka kupiga chafya huku mkono umesahaulika kwenye kishikio. Na kwa nchi ambazo umeme hukatika bila kupiga hodi, betri itoshe kwa muda wa kumalizia hatua iliyopo na kutoa vifaa, muda ambao utaupata kwa kuwauliza madaktari, si kwa kukisia.

Orodhesha kila hitilafu unayoweza kuifikiria, andika mbele yake inavyoweza kumdhuru mgonjwa, kwa uzito gani na kwa uwezekano gani, kisha utakachofanya kuizuia. Ndio utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 14971, na ndio unaokaguliwa. Programu ina kiwango chake, IEC 62304. Usalama wa umeme una IEC 60601-1, ambacho kwa sehemu inayogusa moyo moja kwa moja huruhusu umeme unaovuja usizidi mikroampia 10 katika hali ya kawaida na 50 kukiwa na hitilafu moja. Na tangu 2019 roboti za upasuaji zina kiwango chao mahususi, IEC 80601-2-77. Usisahau dayathemi, yaani mashine ya kukata na kuchoma nyama kwa umeme. Mkondo wake hupenya pale utando wa kuhami wa kifaa ulipochubuka na kuunguza utumbo usioonekana kwenye kamera, na kelele zake huingia kwenye nyaya za vihisi. Jaribu mkono wako dayathemi ikiwa inawaka, maana ndipo utakapoona namba za vihisi zikicheza ngoma.

Atakayeiosha

Kila kitu kinachoingia tumboni lazima kioshwe na kutakaswa, na otoklevu hufanya hivyo kwa mvuke wa nyuzijoto 121 kwa robo saa au zaidi, au nyuzijoto 134 kwa dakika chache. Mota na vihisi havivumilii hali hiyo. Kwa hiyo mashine hugawanywa: mkono wenye mota huvalishwa shuka la plastiki lililotakaswa, kifaa cha kuingia tumboni kinatenganishwa na kwenda kuoshwa, na kati yao hukaa kipande kinachopitisha mzunguko bila kupitisha uchafu. Kipande hicho kidogo kinastahili wiki nzima ya mawazo. Damu hukaukia ndani ya bomba refu lenye waya. Weka tundu la kusukumia maji kwa bomba la sindano, na umpe kifaa hicho mtu anayeosha vyombo vya upasuaji kila siku, kisha umtazame akihangaika. Atakuonyesha kwa dakika tano kona tatu ambazo brashi haifiki. Kwa chuma tumia kile cha pua cha aina ya 316L au 17-4, na kwa plastiki aina ya PEEK, ambazo huvumilia mvuke.

Majaribio

Anza na sanduku la mazoezi: kuhamisha punje za mahindi kutoka kikombe hadi kikombe, kupitisha uzi kwenye pete, kufunga fundo. Fuata na nyama ya kuku wa buchani, kumenya ngozi bila kutoboa msuli. Pima muda, makosa, na kani ya juu kabisa, daktari yuleyule akifanya kwa vifaa vya mkono na kwa roboti, kwa sababu bila ulinganisho huo namba hazisemi kitu. Zaidi ya hapo unaingia katika sheria: utafiti wowote kwa wanyama au binadamu unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kifaa chenyewe kinahitaji mamlaka ya nchi, ambayo Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Nenda ukawaulize mapema, mchoro ukiwa bado karatasini.

Jaribio moja lifanywe kabla ya hayo yote na lirudiwe kila mchoro unapobadilika. Vifaa vikiwa ndani ya sanduku na koleo likiwa limebana kipande cha nyama, zima umeme wote, betri ikiwamo, mtangazie muuguzi kwamba mgonjwa anavuja damu, na ubonyeze saa. Anapaswa kufungua koleo kwanza, maana koleo lililofungwa likitolewa kwa nguvu huondoka na nyama. Kisha avute kifaa kwa mstari wa tundu, aachie breki, na ausukume mkono pembeni ili daktari apate nafasi ya kupasua tumbo kwa njia ya kawaida. Muuguzi wetu wa kwanza alitumia zaidi ya dakika mbili, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa akitafuta bisibisi, kwa kuwa ndivyo tulivyokuwa tumebuni mlango wa kufungulia koleo. Katika mchoro uliofuata tuliweka mpini mwekundu wa kuzungusha kwa mkono uliovaa glavu yenye utelezi, akatumia sekunde 19.